Umri na kujifunza biashara ya masoko ya fedha

Umri na kujifunza biashara ya masoko ya fedha ni mada ya elimu na uchumi inayohusu jinsi miaka ya mtu inavyomsaidia au kumzuia kujifunza kununua na kuuza hisa, hatifungani, fedha za kigeni na bidhaa kama dhahabu. Maswali yanayoulizwa mara nyingi ni mawili: je, mtu wa miaka 50 au 60 amekwisha kuchelewa? Na je, kijana wa miaka 20 ana nafasi nzuri zaidi kwa sababu tu ya ujana wake?

Kwa ufupi, tafiti zinaonyesha kwamba hakuna umri ambao mlango wa kujifunza hufungwa. Kijana hushika mambo mapya upesi, mtu mzima huyapima vizuri zaidi. Kinachobadilika sana kadiri miaka inavyoongezeka ni gharama ya kosa, kwa maana muda wa kurudisha fedha iliyopotea hupungua.

Nchini Tanzania mada hii ina uzito wa pekee. Watu waliosoma shule kati ya mwaka 1967 na miaka ya 1990 hawakukuta soko la hisa, ilhali watoto na wajukuu wao wanaweza kununua hisa kwa simu. Katika mkoa wa Geita, pamoja na wilaya ya Chato, jambo hili linakutana na biashara ya zamani ya dhahabu, ambamo bei ya soko la dunia ni habari ya kila siku kwa mchimbaji na mnunuzi.

Maana

Watu huchanganya kazi mbili zinazotofautiana. Uwekezaji ni kununua mali, kwa mfano hisa au hatifungani, na kukaa nayo kwa miaka ili kupata gawio, riba au ongezeko la thamani. Biashara ya muda mfupi ni kununua na kuuza ndani ya siku, saa au hata dakika chache kwa kutegemea mabadiliko ya bei. Biashara ya fedha za kigeni kwa njia ya intaneti, ambayo vijana wengi huiita foreksi, ni ya aina hii ya pili.

Tofauti hiyo ni ya msingi kwa mjadala wa umri. Uwekezaji hudai subira, nidhamu na hesabu za kawaida. Biashara ya muda mfupi hudai wepesi wa macho na wa uamuzi, na pia uwezo wa kuvumilia hasara za mara kwa mara. Hivyo mtu anaweza kuwa amepitwa na umri kwa kazi moja, huku akiwa katika umri bora kwa kazi ya pili.

Tofauti ya umri na tofauti ya kizazi

Wataalamu hutenganisha athari ya umri na athari ya kizazi. Athari ya umri hutokana na mwili na ubongo kuongezeka miaka. Athari ya kizazi hutokana na mambo ambayo watu waliozaliwa wakati mmoja waliyapitia pamoja. Mzee asiyejua maana ya gawio huenda hana tatizo lolote la akili; huenda hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Tanzania ni mfano ulio wazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa benki na viwanda vikubwa. Sharti la uongozi lilimkataza kiongozi wa chama au serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 na uamuzi unaojulikana kama Azimio la Zanzibar. Sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ilitungwa mwaka 1994, Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) likaandikishwa mwaka 1996, na biashara ikaanza mwezi Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya Tanzania Oxygen Limited, ambayo sasa inaitwa TOL Gases.

Kwa hiyo Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa na umri wa miaka 43 siku hisa ya kwanza ilipouzwa katika soko la nchi yake. Mwenzake wa Kenya alizaliwa wakati soko la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, limekwisha kuwepo. Wawili hao wana umri mmoja, lakini hawakuishi na masoko kwa muda mmoja.

Kizazi hicho hicho, hata hivyo, kilijifunza mambo ambayo hayamo katika vitabu vya hisa. Kiliona uhaba wa bidhaa wa miaka ya 1980 na mfumuko mkubwa wa bei uliodumu hadi katikati ya miaka ya 1990. Kiliona pia shilingi ikishuka kutoka takriban 17 kwa dola moja ya Marekani mwaka 1985 hadi zaidi ya 2,500 mwaka 2024. Mtu aliyepitia hayo anajua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba fedha iliyofichwa chini ya godoro huliwa na miaka.

Kumbukumbu za namna hiyo hubaki. Mwaka 2011 wanauchumi Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walichapisha utafiti juu ya kaya za Marekani. Walionyesha kwamba watu walioishi katika vipindi vya mapato mabaya ya hisa huwa wagumu kununua hisa hata miaka mingi baadaye. Uoga wa mzee, basi, unaweza kuwa somo alilojifunza kwa gharama, ingawa si kila mara somo hilo linafaa kwa wakati uliopo.

Akili na umri

Mwanasaikolojia Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, waligawa uwezo wa akili katika sehemu mbili. Ya kwanza ni wepesi wa akili: kutatua tatizo jipya, kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja, na kuchakata habari upesi. Ya pili ni akili iliyokusanywa: maarifa, msamiati na uzoefu. Sehemu ya kwanza huanza kupungua polepole baada ya ujana. Ya pili huendelea kukua kwa miongo mingi.

Utafiti wa Joshua Hartshorne na Laura Germine, uliochapishwa mwaka 2015 na kutumia majibu ya watu karibu 50,000, ulionyesha kwamba hakuna umri mmoja wa kilele. Kasi ya kuchakata habari hufikia kilele mwishoni mwa ujana wa shule, wakati msamiati huendelea kuongezeka hadi uzeeni. Kati ya ncha hizo mbili, kila uwezo una wakati wake.

Katika biashara ya masoko sehemu zote mbili hutumika. Wepesi wa akili husaidia kusoma chati, kutumia programu mpya na kufuatilia bei zinazobadilika. Akili iliyokusanywa husaidia kutambua kwamba ahadi ya faida kubwa ni ya uongo, kwamba kampuni fulani ina madeni mengi mno, au kwamba leo si siku ya kununua kitu chochote.

Yapo pia mambo ya mwili yasiyohusu akili. Kuanzia miaka ya 40, watu wengi hupungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu. Namba ndogo na chati iliyobanwa katika kioo cha simu ni chanzo cha makosa: sifuri moja ikiongezwa kwa bahati mbaya, amri ya kununua hisa 100 inakuwa ya hisa 1,000. Miwani na kioo kikubwa huondoa sehemu kubwa ya kikwazo hiki.

Matokeo ya tafiti juu ya wawekezaji

Tafiti nyingi zilizopo zilifanyika Marekani, Ulaya, Asia na Brazili. Hazielezi moja kwa moja hali ya Afrika Mashariki, lakini zinatoa mwanga.

Mwaka 2009, Sumit Agarwal, John Driscoll, Xavier Gabaix na David Laibson walichunguza maamuzi ya Wamarekani kuhusu mikopo na kadi za benki. Waligundua kwamba vijana na wazee hufanya makosa mengi zaidi kuliko watu wa makamo, na kwamba makosa huwa machache zaidi katika umri wa takriban miaka 53. Kijana ana wepesi lakini hana uzoefu. Mzee ana uzoefu lakini wepesi umepungua. Mtu wa makamo amebahatika kuwa na vyote kwa kiasi. Utafiti huo ulihusu mikopo, si biashara ya hisa, lakini umbo la matokeo yake hutajwa mara nyingi.

Mwaka 2011, George Korniotis na Alok Kumar walichunguza akaunti za wawekezaji wa hisa. Waliona kwamba wawekezaji wenye umri mkubwa hufuata kanuni bora zaidi: hugawa mtaji katika hisa mbalimbali na hawauzi na kununua ovyo. Lakini ustadi wao wa kuchagua hisa moja moja hupungua, na hupungua zaidi baada ya umri wa miaka 70 hivi. Kwa maneno mengine, mzee anajua la kufanya kuliko kijana, ila utekelezaji wake wa kazi ngumu huwa dhaifu zaidi.

Brad Barber na Terrance Odean walifuatilia kaya 66,465 za Marekani kuanzia 1991 hadi 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko zima lilitoa asilimia 17.9. Wingi wa shughuli, pamoja na ada zake, ulikula faida.

Nchini Brazili, Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti waliwafuatilia watu walioanza biashara ya siku moja katika mikataba ya baadaye ya hisa kati ya 2013 na 2015. Kati ya wale walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Ni asilimia 1.1 tu waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Barani Ulaya, mamlaka ya usimamizi wa masoko ilieleza mwaka 2018 kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu binafsi katika mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha.

Takwimu hizi zinaweka swali la umri mahali pake. Katika biashara ya muda mfupi, watu wa kila rika hushindwa kwa wingi. Ujana hauondoi hatari hiyo.

Dhahabu ya Geita kama darasa la soko

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Wilaya ya Chato, iliyoundwa mwaka 2005 kutoka sehemu ya Biharamulo mkoani Kagera, ikawa sehemu ya mkoa huo mpya. Wakazi wake hulima pamba na mazao ya chakula, huvua katika Ziwa Viktoria, na baadhi hufanya kazi au biashara katika machimbo ya kanda hiyo. Mgodi mkubwa wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kando yake wapo wachimbaji wadogo wengi, na miji ya Katoro na Buseresere hupata uhai kutokana na biashara inayowazunguka.

Machi 2019 soko la dhahabu lilizinduliwa mjini Geita, na masoko na vituo vingine vya ununuzi vikafuata. Kabla ya hapo, mchimbaji aliuza kwa mnunuzi aliyemfuata shimoni au dukani, mara nyingi bila kujua bei ya dunia ni kiasi gani. Sokoni dhahabu hupimwa uzito na usafi, bei elekezi ya Tume ya Madini hutazamwa, na mrabaha pamoja na ada ya ukaguzi hukatwa.

Mahesabu ya biashara hiyo ni yale yale ya masoko ya fedha. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Bei ikiwa dola 2,000 kwa wakia, gramu moja ya dhahabu safi ni takriban dola 64.3. Muuzaji anapaswa kugeuza dola kuwa shilingi, kuzidisha kwa kiwango cha usafi, kisha kutoa makato. Anayekosea hatua moja huondoka na fedha pungufu, na pengine hatajua.

Katika kazi hii mafunzo hupita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kijana hukaa na mnunuzi mzoefu akiangalia mizani, akijifunza kutofautisha rangi za dhahabu na kukadiria usafi kwa kulinganisha uzito wa kipande hewani na ndani ya maji. Kanuni yake ni ya fizikia ya sekondari: gramu 19.3 za dhahabu safi huchukua nafasi ya sentimita moja ya ujazo, na kipande chenye fedha au shaba nyingi huchukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito huo huo. Kijana naye humsaidia mkubwa kutazama bei mpya kwenye simu na kupiga hesabu upesi. Mgawanyo huo wa kazi unafanana sana na matokeo ya tafiti zilizotajwa hapo juu.

Uzoefu una faida nyingine: kukumbuka anguko. Bei ya dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, ikaporomoka mwaka 2013, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa karibu dola 1,050. Hilo ni pungufu la takriban asilimia 45. Aliyeweka akiba ya dhahabu mwaka 2011 kwa matumaini kwamba bei haiwezi kushuka alijifunza kinyume chake. Baada ya hapo mwelekeo wa jumla ulikuwa wa kupanda: bei ilivuka dola 2,000 mwaka 2020, na mwezi Oktoba 2025 ilivuka 4,000. Mfanyabiashara aliyeanza akiwa na miaka 20 mwaka 2016 hajashuhudia anguko refu kama lile. Anaweza kudhani kwamba kupanda ni tabia ya dhahabu, kumbe ni kipindi tu alichokikuta.

Somo la elimu ya watu wazima

Swali la kama mtu mzima anaweza kujifunza jambo geni kabisa lilikwisha kujaribiwa Kanda ya Ziwa. Tangu mwaka 1968 mikoa ya kanda hiyo, Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ilikuwa eneo la majaribio ya mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Wakati huo eneo la Chato lilikuwa ndani ya mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya taifa zima ikafuata. Wakati wa sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 39.

Kwa mkulima wa pamba, kusoma mizani na stakabadhi kulikuwa na maana ya fedha. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyochochea ushirika katika kanda hiyo miaka ya 1950, na kuzaa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria ulioongozwa na Paul Bomani. Funzo la vipindi vyote viwili ni moja: mtu mzima hujifunza vizuri pale somo linapogusa kazi anayoifanya na fedha anayoipata. Mtu wa makamo aliyechoshwa na maelezo ya chati huenda akaelewa soko la hisa upesi akianza na swali la kawaida: kampuni hii inauza nini, inadaiwa kiasi gani, na mwaka jana ilibakiza nini?

Gharama ya kosa kwa kila umri

Kila anayejifunza biashara hulipa ada kwa njia ya hasara. Ada hiyo haina uzito sawa kwa watu wote.

Hesabu ya hasara ni kali. Aliyepoteza asilimia 20 ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 25 ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza asilimia 50 anahitaji faida ya asilimia 100. Kijana wa miaka 25 aliyepoteza shilingi milioni 2 ana miaka 35 ya kazi mbele yake. Mstaafu wa miaka 61 aliyepoteza milioni 20 hana mshahara wa kuzirudisha.

Nchini Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60. Kwa wengi, malipo ya mkupuo wakati wa kustaafu ndiyo fedha nyingi zaidi watakayoishika kwa mara moja maishani. Kuanzia Julai 2022 kikokotoo kiliweka malipo hayo kuwa asilimia 33 ya mafao, na viwango hivyo vimeendelea kujadiliwa na kurekebishwa. Fedha hiyo huja wakati mmoja na ushauri mwingi kutoka kwa ndugu, marafiki na wageni. Ni wakati mbaya wa kuanza biashara ya haraka ambayo mtu hajawahi kuifanya.

Hatari huongezwa na jambo jingine. Mwaka 2017 Michael Finke, John Howe na Sandra Huston walionyesha kwamba baada ya umri wa miaka 60, alama za maarifa ya fedha katika sampuli yao ya Marekani zilishuka kwa takriban pointi moja ya asilimia kila mwaka, lakini kujiamini hakukushuka. Mtu anaweza basi kuwa na uhakika ule ule wa zamani bila uwezo ule ule wa zamani. Ndiyo maana inashauriwa mstaafu awe na mtu mmoja wa kuaminika wa kupitia naye kila uamuzi mkubwa.

Kijana naye ana hatari yake, nayo hutokana na mkopo wa dalali, unaoitwa levereji. Mtu mwenye shilingi 500,000 akipewa levereji ya mara 100 anaendesha biashara ya shilingi milioni 50. Bei ikienda kinyume naye kwa asilimia 1 tu, amepoteza shilingi 500,000, yaani mtaji wote. Kwa levereji ya mara 30, mabadiliko hayo hayo yangemgharimu shilingi 150,000. Wepesi wa kujifunza hauna nafasi ya kukua ikiwa mtaji unakwisha kabla ya somo la tatu.

Ujana una faida moja kubwa isiyohitaji ustadi, nayo ni muda. Anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 30, kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka inayoongezwa kila mwezi, atakuwa na takriban milioni 113, ingawa alichotoa mfukoni ni milioni 18. Anayefanya hivyo kwa miaka 10 tu atakuwa na takriban milioni 10.2 kutokana na milioni 6 alizotoa. Asilimia 10 hapa ni mfano wa hesabu, si ahadi ya soko lolote.

Njia za kujifunza

Njia zinazofaa hutofautiana kulingana na hatua ya maisha.

Wanafunzi na walio chini ya miaka 18 hawawezi kufunga mikataba wao wenyewe, lakini wanaweza kujifunza bila fedha. Soko la Hisa la Dar es Salaam limeendesha mashindano ya uwekezaji kwa wanafunzi yanayotumia fedha za kubuni na bei halisi za soko. Mzazi anaweza pia kuwekeza kwa niaba ya mtoto, kwa mfano katika Mfuko wa Watoto unaosimamiwa na UTT AMIS.

Vijana walio kazini hushauriwa kuanza kwa kiasi kidogo ambacho kikipotea maisha hayatayumba, na kutumia akaunti ya majaribio kwanza. Akaunti hiyo ina upungufu wake: haifundishi moyo. Mtu anayeuza kwa utulivu akiwa na fedha za kubuni hubadilika fedha inapokuwa yake.

Watu wa makamo huwa na kipato na uzoefu, ila hawana muda. Kwao hufaa zaidi njia zisizodai kukesha: mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, hisa za kampuni wanazozifahamu, na hatifungani za serikali. Kiwango cha chini cha kushiriki katika mnada wa hatifungani za serikali katika Benki Kuu ya Tanzania kimekuwa shilingi milioni 1.

Wastaafu wanaweza kujifunza kama wengine, lakini hushauriwa kutenga kwanza fedha ya chakula, matibabu na dharura, kuiweka sehemu kubwa ya iliyobaki mahali penye riba ya uhakika, na kujifunzia kwa sehemu ndogo tu.

Kwa rika zote, kuandika ni lazima. Daftari la biashara huonyesha tarehe, bei, sababu ya kununua, sababu ya kuuza na matokeo. Methali inasema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hufidia kumbukumbu ya mzee inayofifia, na humzuia kijana kukumbuka faida na kusahau hasara.

Mauzo ya hisa za awali hutoa mifano mizuri ya subira. Mwaka 2008 Wakenya zaidi ya 800,000 waliomba hisa za Safaricom zilizouzwa shilingi 5 za Kenya, wengine kwa fedha ya mkopo. Bei ilishuka chini ya shilingi 5 ndani ya muda mfupi. Waliokopa walilazimika kuuza kwa hasara. Walioweza kusubiri waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Subira haina hakika pia: hisa za Vodacom Tanzania, zilizouzwa shilingi 850 mwaka 2017, zilishuka chini ya bei hiyo katika miaka iliyofuata.

Udanganyifu

Ujinga wa masoko hutumiwa na matapeli dhidi ya kila rika. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, mpango uliowaahidi wanachama kuvuna zaidi ya mbegu walizopanda, na mwaka 2013 viongozi wake walihukumiwa kwa kuendesha upatu haramu. Miaka ya karibuni mipango ya namna hiyo imehamia kwenye simu na kujifunika majina ya foreksi, dhahabu au sarafu za kidijitali.

Dalili zake ni chache na hazibadiliki: faida isiyobadilika kila wiki, malipo ya kuwaleta watu wapya, haraka ya kulipa leo, na kutokuwepo kwa leseni. Leseni za madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na biashara ya fedha za kigeni husimamiwa na Benki Kuu. Kuuliza katika ofisi hizo kabla ya kutoa fedha ni bure, kwa mtu wa miaka 20 na kwa mtu wa miaka 70.

Tazama pia

Soko la Hisa la Dar es Salaam
Benki Kuu ya Tanzania
Elimu ya watu wazima
Azimio la Arusha
Mkoa wa Geita
Wilaya ya Chato
Dhahabu